Vitamini na maumivu yasiyoisha baada ya ajali: pesa ya majeruhi iende wapi kwanza

Swali hili linaingia kwenye simu ya kipindi chetu cha afya karibu kila wiki, na huja kwa sura tofauti. Kijana alianguka na bodaboda, mfupa wa mguu ukaungwa, hogo likatolewa, picha ya eksirei inaonyesha mfupa umeshika vizuri. Lakini miezi sita imepita na mguu bado unawaka moto usiku. Mama aliteleza kisimani akavunjika mkono karibu na kiganja. Mfupa umepona, ila vidole vimekakamaa, na hata kanga ikimgusa anashtuka kwa maumivu. Wote wanauliza jambo moja: kama nimepona, mbona bado inauma?

Siku hizi swali hilo limepata jibu la haraka. Kwenye makundi ya WhatsApp unazunguka ujumbe unaosema kuwa wanasayansi wa Marekani wamegundua maumivu yasiyoisha baada ya ajali yanatokana na upungufu wa vitamini D. Chini ya ujumbe huwa kuna namba ya mtu anayeuza dripu, sindano au kopo la vidonge. Wapo wasikilizaji waliotuambia wameuza mbuzi kwa ajili ya dripu hizo. Mwingine aliuza magunia mawili ya mahindi kabla bei haijapanda.

Ujumbe huo si uongo mtupu. Umeanzia kwenye utafiti wa kweli, kisha ukavutwa mpaka mahali ambapo utafiti wenyewe haukufika. Tuuangalie polepole, maana kwa mtu aliyeumia kijijini gharama ya kukosea hapa ni kubwa.

Kilichopatikana Marekani

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichapisha matokeo ya kufuatilia watu walioungua moto vibaya. Walipima kiwango cha vitamini D kwenye damu karibu na wakati wa kuumia, kisha wakaangalia nani anaendelea kuumwa baadaye. Waliokuwa na kiwango cha chini walielekea kuwa na maumivu makali zaidi ya muda mrefu. Jambo la pili ndilo lililovuta macho ya wengi: Wamarekani Weusi walikuwa na viwango vya chini kuliko Wamarekani Weupe, na watafiti wakaona kuwa tofauti hiyo inachangia sehemu ya sababu za Weusi kuteseka zaidi na maumivu baadaye.

Sehemu ya sababu. Neno hilo "sehemu" ndilo lililodondoka njiani wakati habari inasafiri kutoka simu moja kwenda nyingine.

Wazo lenyewe si la ajabu. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kuwa vitamini D ni ya mifupa, ili mtoto asipate matege. Ni kweli, lakini kazi yake haiishii hapo. Chembe za kinga ya mwili zinaitumia, na mishipa ya fahamu pia, na inasaidia kutuliza uvimbe wa ndani unaokuja baada ya jeraha. Kwa hiyo mtafiti anayejiuliza kama vitamini hii inahusiana na maumivu yanayogoma kuondoka anauliza swali la maana.

Ila kuna utafiti mwingine wa Marekani ambao haukupata bahati ya kuzungushwa WhatsApp. Ulifanyika katika hospitali moja mjini Atlanta na kuchapishwa mwaka 2000. Uliangalia watu waliofika idara ya dharura wakiwa wamevunjika mifupa mirefu ya mikono au miguu. Kati ya wagonjwa Weupe, asilimia 74 walipewa dawa ya maumivu. Kati ya Weusi ni asilimia 57, ingawa maandishi ya faili zao yalionyesha walilalamika maumivu kwa kiwango kinachofanana. Watu wamevunjika mfupa, wanalia sawa, lakini mmoja anapewa dawa na mwingine anaachwa avumilie. Hilo halionekani kwenye kipimo cha damu.

Sisi tunaoshinda juani

Kwa nini Wamarekani Weusi wana vitamini D kidogo? Ngozi ndiyo kiwanda chake kikuu. Mwanga wa jua ukiipiga ngozi, mwili unatengeneza vitamini D wenyewe. Ngozi nyeusi ina kinga ya asili dhidi ya jua, kwa hiyo inahitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza kiasi kilekile. Ukiwa na ngozi hiyo katika nchi yenye miezi ya baridi, unafanya kazi ndani ya jengo na kutoka umejifunika koti mpaka shingoni, kiwango kinashuka.

Hapa kwetu hali ni nyingine, na tuna ushahidi kutoka ardhi yetu wenyewe. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili. Wastani wa vitamini D kwenye damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Ili uone maana yake, wataalamu wengi huanza kuhesabu upungufu mtu anaposhuka chini ya 50. Wafugaji na wawindaji hao walikuwa na zaidi ya mara mbili ya mpaka huo, na hakuna aliyekuwa akimeza kidonge. Walikuwa wanatembea tu juani na mifugo yao na pinde zao.

Basi ukisoma kuwa mtu mweusi ana upungufu wa vitamini D, uliza kwanza: mtu mweusi yupi, anaishi wapi, anashinda wapi mchana? Mkulima wa alizeti anayepiga jembe kuanzia saa moja asubuhi hayuko kundi moja na karani wa ghala Chicago.

Hata hivyo upungufu upo hata huku kwenye jua. Mzee asiyetoka ndani, mtu anayefanya kazi ofisini tangu asubuhi hadi jioni, na mwanamke anayejifunika mwili wote na hana ua wa kukaa wazi, wote hao wanaweza kushuka. Na yuko mwingine ambaye huwa tunamsahau: majeruhi mwenyewe. Mtu akivunjika paja tunamlaza chumba cha ndani, dirisha limefungwa pazia, na anakaa humo miezi mitatu. Watu wanamletea uji na pole, lakini hakuna anayemletea jua. Kumtoa nje na kiti chake asubuhi, mikono na miguu ikiwa wazi kwa muda, hakugharimu hata shilingi. Jua la kupitia kioo cha dirisha halisaidii, kwa sababu kioo kinazuia ile sehemu ya mwanga inayotengeneza vitamini D.

Hapo niseme neno juu ya makopo yanayotumwa kutoka nje. Dada aliye Uingereza akikutumia vidonge vya vitamini D, amekutumia kwa upendo na kwa sababu ya ushauri ambao yeye anapewa huko. Serikali ya Uingereza inawashauri wananchi wake wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku wakati wa miezi ya baridi, kwa kuwa jua lao wakati huo halitoshi. Ushauri huo umetengenezwa kwa ajili ya Birmingham mwezi wa Januari.

Majani ya njano

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe. Vitamini kuwa chini kwa watu wenye maumivu, je, ndiko kunakosababisha maumivu?

Wewe mkulima unalijua jambo hili kuliko daktari. Ukiona majani ya mahindi yamegeuka njano, huenda shamba limeishiwa mbolea. Lakini huenda pia maji yametuama, au wadudu wanakula mizizi. Njano ni alama tu. Ukimwaga mfuko wa mbolea kwenye shamba lililotuama maji, umepoteza mbolea na mahindi yatabaki njano.

Vitamini D kwenye damu ina tabia hiyohiyo. Inakuwa chini kwa mtu anayekula vibaya, mwenye ugonjwa mwingine wa muda mrefu, mwenye unene uliopitiliza, au asiyetoka nje. Na mambo hayohayo yanaweza kumfanya mtu achelewe kupona hata kama vitamini haihusiki kabisa. Zaidi ya hapo, mwili unapoumia vibaya na kuvimba, kiwango kinachosomeka kwenye damu chenyewe hushuka. Kwa hiyo ukimpima mtu siku mbili baada ya ajali ukakuta namba ndogo, sehemu ya udogo huo inaweza kuwa imeletwa na jeraha.

Njia ya kujua kama mbolea ndiyo tatizo ni kugawa shamba: upande huu weka, upande ule usiweke, kisha ulinganishe. Kwa binadamu hufanyika vilevile, kundi moja linapewa vitamini na jingine kidonge kisicho na kitu, bila wao kujua nani kapata nini. Jaribio kubwa kuliko mengi ya namna hiyo lilifanyika Marekani kwa watu 25,871, waliopewa yuniti 2,000 za vitamini D kila siku au kidonge kitupu. Matokeo ya upande wa mifupa yalitolewa mwaka 2022: vidonge havikupunguza kuvunjika kwa mifupa. Katika jaribio hilohilo, watu waliokuwa na maumivu sugu ya magoti hawakupata nafuu kuliko waliomeza kidonge kitupu. Wengi wa watu hao hawakuwa na upungufu tangu mwanzo, na hilo ni muhimu kulisema, maana kumwongezea mtu asiyepungukiwa ni kama kumwagilia mpunga ambao tayari uko majini.

Na dozi kubwa za mara moja, zile zinazouzwa kama "sindano moja inatosha mwaka mzima"? Huko Australia walijaribu kuwapa wanawake wenye umri wa miaka 70 na zaidi yuniti 500,000 kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Waliopewa vitamini walianguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko ambao hawakupewa. Vitamini D ikizidi sana inapandisha kalsiamu kwenye damu, na hapo mtu anaweza kupata kichefuchefu, kiu isiyoisha na madhara ya figo.

Simaanishi kwamba mwenye upungufu asitibiwe. Daktari akikupima, akakuta uko chini na akakuandikia vidonge, meza. Ila kipimo chenyewe si cha zahanati, mara nyingi ni cha hospitali kubwa au maabara ya mjini, na hakina bei ndogo. Kwa hiyo anayekuambia unapungukiwa vitamini D bila kuchukua hata tone la damu, muulize amejuaje.

Mapera na mkono uliovunjika

Vitamini ambayo ina hadithi ya kuvutia zaidi kwenye jambo hili ni nyingine kabisa, vitamini C. Ujumbe wa WhatsApp hauitaji, labda kwa sababu ni rahisi mno kuuzia watu dripu.

Kuna hali ambayo huwapata baadhi ya watu baada ya kuvunjika mkono au mguu, hasa mkono karibu na kiganja. Mfupa unapona lakini kiganja kinavimba, ngozi inabadilika rangi, mara inakuwa ya moto mara ya baridi, jasho linatoka sehemu hiyo tu, na maumivu yanakuwa makubwa kuliko jeraha lenyewe. Yule mama wa kisimani niliyemtaja mwanzo ana dalili za namna hiyo. Vijijini watu wenye hali hii huambiwa wamerogwa, au wanajidekeza. Si kweli. Ni hitilafu ya mishipa ya fahamu na uvimbe, inajulikana hospitalini, na ikiwahiwa kwa dawa na mazoezi tiba inadhibitika vizuri kuliko ikiachwa.

Mwaka 1999 madaktari wa Uholanzi walichapisha jaribio la watu wazima waliovunjika mkono. Kundi moja lilipewa miligramu 500 za vitamini C kila siku kwa siku 50, jingine kidonge kitupu. Hali hiyo iliwapata asilimia 22 ya waliomeza kidonge kitupu, na asilimia 7 ya waliomeza vitamini C. Mwaka 2007 walirudia kwa watu wengi zaidi na wakaona tena tofauti, asilimia 10 dhidi ya zaidi kidogo ya 2. Habari nzuri, dawa rahisi, na madaktari wa nchi nyingi wakaanza kuiandika.

Kisha mwaka 2014 wakaja madaktari wa Edinburgh, Uskoti. Waliwachukua watu 336 wenye mkono uliovunjika, dozi ileile, siku zilezile 50. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Tangu hapo wataalamu wamegawanyika, wapo wanaoendelea kuiandika na wapo walioacha.

Maoni yangu, na nayatoa kama mtangazaji aliyesoma na kuuliza, si kama daktari: hapa hasara ni ndogo. Siku 50 za vitamini C kwa kiasi hicho si hatari kwa mtu mwenye figo nzima, na bei yake haiuzi mbuzi. Muulize anayekutibu wiki ileile uliyovunjika, maana wote waliojaribu walianza mapema, si baada ya miezi sita. Mwenye historia ya mawe kwenye figo aseme mapema. Na kabla ya duka la dawa kuna mti: gramu 100 za mapera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, karibu mara nne ya chungwa. Mapera manne ya wastani yanakufikisha karibu na ile dozi ya Uholanzi. Yaliwe mabichi, maana moto unaiharibu.

Sindano za vitamini B, zile nyekundu zinazochomwa kila mtu anaposema "mgongo", nitazipita haraka. Zinamsaidia aliyepungukiwa na vitamini hizo. Kwa mguu uliovunjika na kupona, hakuna sababu ya kuzichoma wiki baada ya wiki. Vitamini B6 ikitumika kwa wingi kwa muda mrefu inaweza yenyewe kuharibu mishipa ya fahamu, ukaishia na ganzi uliyoitafuta kwa pesa yako.

Wiki za kwanza

Maumivu yanahesabiwa kuwa sugu yakipita miezi mitatu. Watu wanaofuatilia majeruhi kwa muda mrefu wamekuta jambo linalojirudia: anayeumwa sana siku za mwanzo bila kutulizwa yuko kwenye hatari zaidi ya kuendelea kuumwa. Vilevile asiyelala, na yule ambaye hofu au huzuni ya ajali imemshika. Ndiyo maana nimeutaja ule utafiti wa Atlanta. Kunyimwa dawa ya maumivu siku ya kwanza ni jambo zito.

Huku kwetu watu hujinyima wenyewe. Tumelelewa kuvumilia, hasa wanaume. Mgonjwa anapewa dawa ya kumeza mara tatu kwa siku, yeye anameza moja usiku kwa sababu "sitaki kuzoea". Daktari akiandika kila baada ya saa nane, basi ni kila baada ya saa nane, kwa siku alizosema. Kama dawa haikutoshi, rudi useme.

Hogo likibana, vidole vikavimba, vikawa vya baridi au vikaanza kufa ganzi, usisubiri kesho. Nenda likafunguliwe. Hilo linawahusu pia waliofungwa vijiti au mianzi na mafundi wa jadi wa mifupa. Fundi anaweza kuwa mtu mwema na mwenye mkono mzuri, lakini kamba iliyokazwa mno inakata damu, na wapo waliofika hospitali mguu umeshakufa.

Vidole vilivyo nje ya hogo vichezeshwe kila siku tangu mwanzo, kama uliyekutibu hajakukataza. Hogo likitoka, uliza mazoezi tiba. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo hicho, na mara nyingi unahitaji kwenda mara chache tu kufundishwa, kisha unafanya nyumbani. Kiungo kilichokaa miezi bila kusogea kinauma kwa sababu hiyo pekee, na hapo hakuna vitamini itakayokisogeza. Nauli ya kwenda mazoezi tiba mara mbili au tatu, ukipiga hesabu, mara nyingi ni ndogo kuliko dripu moja.

Chakula nacho. Mfupa unaojiunga unahitaji maharage, dagaa pamoja na mifupa yake, mayai, maziwa, na kidogo cha samaki au maini pale yanapopatikana. Uji mtupu wa wiki sita hautoshi. Mbuzi aliyeuzwa kulipia dripu angeweza kutoa maziwa hayo.

Nani alipe

Kwa aliyegongwa barabarani Tanzania, lipo jambo ambalo wengi hawalitumii. Sheria inataka kila chombo cha moto barabarani, bodaboda ikiwemo, kiwe na bima ya mtu wa tatu. Bima hiyo ipo kwa ajili ya anayeumizwa na chombo hicho, na dereva mwenyewe haimhusu. Ili kudai unahitaji ushahidi: ajali iripotiwe polisi, fomu ya PF3 ijazwe, namba ya chombo na jina la kampuni ya bima viandikwe, na risiti zote za matibabu zitunzwe. Watu wengi wanamalizana barabarani kwa kupewa pesa ya eksirei na soda, kisha mwezi wa nne maumivu yakiwa bado yapo, namba ya dereva haipatikani.

Mwambie daktari aandike kwenye faili kwamba bado unaumwa, kila unaporudi, na tarehe. Maumivu ambayo hayakuandikwa popote ni vigumu kuyadai. Risiti ya mtu wa dripu aliyekuja nyumbani na begi, kama aliwahi kuitoa, hakuna kampuni ya bima itakayoihesabu.